Sauti Katika Pakiti, na Njia ya Kuifikisha Shuleni Kwetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani)



Kamati iliponiomba nizungumze ilinitaka nieleze jinsi sauti na picha zinavyosafirishwa siku hizi kwa mtandao wa intaneti, tena kwa lugha ambayo kijana wa kidato cha pili ataifuata na mzee aliyemaliza mwaka 1968 hatasinzia. Nilikubali kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ya simu ndiyo iliyonilisha mimi na watoto wangu tangu nilipoajiriwa mwaka 1979 hadi nilipostaafu. Pili, mchana huu tutapiga kura juu ya fedha tulizochanga, na si haki kumwomba mtu apige kura juu ya kitu ambacho hajaelezwa kinavyofanya kazi.

Mapendekezo yaliyo mezani ni mawili, na yote yana nia moja. Walimu wa fizikia na hisabati hawatoshi katika shule yetu, na tunataka wenzetu walio mbali, wengine Dar es Salaam na wengine ng'ambo, wawafundishe vijana kwa njia ya mtandao. Pendekezo la kwanza linasema tununue skrini kubwa ya ukumbi, kamera na kompyuta mpya. La pili linasema tuanze na nyaya, betri na mtambo mdogo wa simu wa shule, kisha vitu vya kuonekana vifuate. Sifichi kwamba mimi ni wa pendekezo la pili. Naomba nieleze sababu zangu, ninyi mtaamua.

SIMU YA ZAMANI NA SIMU YA SASA

Nilipoingia kazini, Shirika la Posta na Simu la Afrika ya Mashariki lilikuwa limekwisha vunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na kila nchi ilibaki na mitambo yake. Simu ya kwenda mkoa wa mbali uliiagiza kwa opereta, ukakaa kungoja. Ukishapata laini, laini hiyo ilikuwa yako peke yako tangu mwanzo hadi mwisho. Ukizungumza ni yako, ukinyamaza ni yako, ukikohoa ni yako. Ilikuwa sawa na mtu kukodi basi zima kutoka Dodoma hadi Mwanza ili asafiri yeye na mfuko wake mmoja. Ndiyo maana simu za mbali zilikuwa ghali.

Simu ya intaneti haikodi basi. Inakata maneno yako vipande vidogo, kila kipande kinapewa tiketi yenye anwani ya kwendako, na kinapanda basi lolote lenye nafasi pamoja na abiria wengine: barua, picha, hesabu za benki na habari za mpira. Vipande hivyo huitwa pakiti. Wazo hili lilibuniwa katika miaka ya 1960 na Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walikuwa wamekwisha zungumza kwa pakiti kati ya California na Massachusetts katika mtandao wa majaribio ulioitwa ARPANET. Kwa hiyo jambo tunaloliita jipya lina umri wa wazee wengi waliomo humu ukumbini.

HESABU YA SAUTI

Vijana wa sayansi, shikeni kalamu.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ili iingie katika kompyuta ni lazima igeuzwe kuwa namba, na njia ya kuigeuza ilibuniwa mwaka 1937 na mhandisi Mwingereza Alec Reeves, alipokuwa akifanya kazi Paris. Simu ya kawaida hupitisha mitetemo hadi 3,400 hivi kwa sekunde. Kanuni inadai upime zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa, kwa hiyo mitambo ya simu hupima mara 8,000 kwa sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Basi 8,000 mara 8 ni biti 64,000 kwa kila sekunde ya maneno yako.

Sasa tuzifunge katika pakiti. Kwa kawaida pakiti moja hubeba milisekunde 20 za sauti, yaani baiti 160, na kila sekunde huondoka pakiti 50. Lakini kila pakiti yahitaji bahasha yenye anwani, namba ya mfuatano na saa iliyotumwa, na bahasha hiyo ina baiti 40. Jumla ni baiti 200. Zidisha kwa 50, kisha kwa 8, utapata biti 80,000 kwa sekunde, kwenda. Na kurudi vilevile.

Ziko njia za kuibana sauti. Moja ya mwaka 1996, iitwayo G.729, hupunguza baiti 160 hizo kuwa 20 tu. Lakini tazameni: bahasha bado ni baiti 40! Barua imepungua mara nane, bahasha imebaki na unene wake, nayo sasa ina uzito mara mbili ya barua yenyewe. Mzigo wote ni biti 24,000 kwa sekunde, si 8,000 kama muuzaji wa vifaa atakavyowaambia. Anayenunua njia ya mawasiliano bila kuhesabu bahasha atajiuliza baadaye kwa nini laini imejaa.

Picha nayo ni mlaji mkubwa. Picha ya mwendo yenye ubora wa kawaida inahitaji mamia ya maelfu ya biti kwa sekunde, na iliyo safi hupita milioni moja. Shikeni tofauti hiyo: katika nafasi inayoliwa na picha moja safi, zinaweza kupita sauti kumi na zaidi.

FOLENI YA BWALONI

Ndugu Mwenyekiti, mtu anaweza kusema kwamba, kwa kuwa intaneti inafikisha barua na picha bila shida, itafikisha na sauti vilevile. Hapa ndipo penye kazi.

Barua ikichelewa nusu sekunde, hakuna anayejua. Pakiti ya barua ikipotea njiani, kompyuta huomba itumwe tena, na msomaji hana habari. Neno la mtu haliwezi kungoja hivyo. Pakiti ya sauti iliyopotea ikitumwa tena itafika wakati sentensi imekwisha pita, kama mwalikwa anayefika harusini siku ya pili. Kwa sababu hiyo pakiti za sauti hutumwa mara moja tu. Ikipotea moja moja, mtambo wa upande wa pili huliziba pengo kwa kuikisia, na sikio halitambui. Zikipotea nyingi, maneno hukatika.

Tena pakiti haziwasili kwa mwendo mmoja. Moja imepita bila kizuizi, nyingine imekwama nyuma ya mzigo wa picha za mtu mwingine. Mpokeaji hulazimika kuziweka katika ghala dogo kwa muda wa kama milisekunde 60, azipange, ndipo azisikilizishe. Ghala likiwa dogo mno, sauti inakwaruza. Likiwa kubwa mno, mazungumzo yanachelewa.

Dawa yake mnaijua ninyi vijana kuliko mimi. Tazameni foleni ya bwaloni. Foleni ikiwa ndefu na kila mtu akingoja zamu yake, mgonjwa aliyeandikiwa cheti ale mapema atakosa dawa yake. Kiranja mwenye akili humwita mgonjwa mbele, na wenye afya hawapungukiwi kitu, maana mgonjwa mmoja hachukui chungu kizima. Katika mtandao pia pakiti ya sauti hupewa alama katika bahasha yake, na mtambo wa njia panda ukiiona huipitisha mbele. Lakini mtambo wa bei rahisi hauisomi alama hiyo. Skrini haimfanyi mtu asikike. Anayemfanya asikike ni huyo kiranja wa njia panda, na huyo ndiye asiyeonekana katika picha za uzinduzi.

MUDA WA KWENDA NA KURUDI

Jumuiya ya Kimataifa ya Mawasiliano, iitwayo ITU, inashauri kuchelewa kwa sauti kwenda upande mmoja kusizidi milisekunde 150, ili watu wazungumze bila kugongana maneno. Tuihesabu bajeti hiyo. Kujaza pakiti, 20. Ghala la mpokeaji, 60. Zimebaki 70 za safari.

Mwanga ndani ya waya wa kioo huenda kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Kilometa 10,000 huchukua milisekunde 50. Tumo ndani ya bajeti. Lakini satelaiti za zamani, zilizo juu ya ikweta kwa kilometa 36,000 hivi, hulazimisha sauti kupanda na kushuka kilometa 72,000, nazo ni milisekunde 240 kabla hujajaza pakiti wala kufungua ghala. Wazee wanakumbuka simu za ng'ambo tulipokuwa tukisema "Haloo", tunangoja, kisha wote wawili tunazungumza kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja. Haikuwa dosari ya opereta. Ilikuwa ni umbali.

Kwa sababu hiyo mikongo ya baharini ilibadili mambo kwetu. SEACOM ilianza kazi Julai 2009 na kupita Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huohuo TEAMS iliunganisha Mombasa na Fujairah. Na EASSy ikafuata mwaka 2010. Siku hizi pia ziko satelaiti za chini, katika kimo cha kilometa 550 hivi, ambazo kuchelewa kwake ni kudogo. Njia si tatizo kubwa tena kama zamani.

MSHENGA NA WACHUMBA

Swali jingine ni hili: simu yangu inajuaje simu yako ilipo, ikiwa hakuna laini iliyokodiwa?

Inamtuma mshenga. Iko kanuni ya mazungumzo ya mitambo iitwayo SIP, iliyotolewa mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2002. Simu yangu hupeleka mwaliko kwa seva, ambayo ndiye mshenga. Mwaliko unaeleza namna ya sauti ninayoiweza, na kama nina picha. Mshenga anajua ulipo, kwa sababu simu yako ilijiandikisha kwake asubuhi. Anaufikisha mwaliko, anarudi na habari kwamba simu inalia, kisha anarudi na kibali. Hapo kazi yake ya kupatanisha imekwisha. Mara nyingi sauti zenyewe huenda moja kwa moja kati ya wachumba wawili, bila kupita mlangoni kwa mshenga. Kwa kupatanisha huko sauti, picha na maandishi vinaweza kwenda kwa mwaliko mmoja. Simu za mkononi za kizazi cha nne hutumia mpango wa ukoo huohuo, na simu za sauti kwa njia hiyo zilianza kuuzwa Korea Kusini na Marekani mwaka 2012.

Habari njema kwa shule yenye mfuko mdogo ni kwamba mshenga haanzi na bei kubwa. Programu iitwayo Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, hutolewa bure pamoja na maandishi yake yote ya ndani, na kompyuta ya kawaida inaweza kuwa kituo cha simu cha shule nzima. Kijana mwenye bidii anaweza kuisoma, kuifungua na kuitengeneza. Skrini ya ukumbini hawezi kuifungua. Ikiharibika atamngoja fundi kutoka mjini.

UMEME NA FIMBO YA MBALI

Sasa naja kwenye jambo linalonifanya nisimame kwa ukali.

Simu ya zamani ya mezani haikuhitaji umeme wa nyumba yako. Ililetewa volti 48 kwa waya uleule wa shaba kutoka kituoni, ambako tulikuwa na vyumba vizima vya betri. Mji mzima ukiingia gizani, simu ililia. Simu ya intaneti inakufa pale umeme unapokatika katika kiungo chochote cha njia. Hata nchi tajiri zimehangaika na jambo hili. Nchini Uingereza kuzimwa kwa simu za shaba kulikopangwa kuwa Desemba 2025 kuliahirishwa hadi mwisho wa Januari 2027, na sababu kubwa ilikuwa wazee na wagonjwa wanaotegemea vifaa vya kuita msaada kupitia laini hizo. Nchini Marekani serikali ililazimika kuagiza mwaka 2005 kwamba makampuni ya simu za intaneti yahakikishe wateja wao wanaweza kupiga simu ya dharura.

Kadhalika njia ya nje inaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Shule iliyoegemeza masomo yake yote kwenye skrini inayoangalia nje ingekaa kimya siku hizo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Lakini mtandao wa ndani ya uzio wetu haujali kilichotokea baharini. Mshenga akiwa humu humu ofisini, simu ya bwenini itaita zahanati, zahanati itaita nyumba ya mwalimu wa zamu, na lango litaita ofisi, bila senti moja na bila intaneti. Leo kijana akiugua usiku, mwenzake hukimbia gizani kumgongea mwalimu mlango. Nasi tunajadili skrini!

NINACHOPENDEKEZA

Kwa hiyo basi, Ndugu Mwenyekiti, naomba fedha zetu zitumike kwa utaratibu huu.

Kwanza, tuunganishe majengo kwa waya wa kioo. Waya wa shaba wa mtandao haufai kupita meta 100, tena huivuta radi kutoka jengo moja hadi jingine. Kioo hakipitishi umeme.

Pili, tununue swichi nzuri zinazosoma alama za sauti na zinazopeleka umeme kwenye simu kwa waya uleule wa mtandao. Umeme huo ni karibu volti 48, kama zamani, na faida yake ni ileile: ukiweka betri pamoja na paneli ya jua kwenye swichi na kwenye seva, simu zote za shule zinaishi.

Tatu, tuweke simu ya ukutani katika kila bweni, katika zahanati, langoni na kwa mwalimu wa zamu. Sheria ya shule inakataza wanafunzi kuwa na simu za mkononi, nami naiunga mkono. Lakini mzazi anayepiga simu ofisini Jumapili na kukuta imefungwa naye ana haki. Kwa mtambo huu shule itaweza kumpangia saa yake.

Nne, masomo yaanze kwa sauti na ubao, na picha ije nafasi itakaporuhusu. Somo lenye sauti safi na picha mbaya bado ni somo. Somo lenye picha safi na sauti inayokatika ni sinema bubu. Mwenzetu aliye Muscat au Toronto anaweza kufundisha kanuni za Newton kwa sauti, huku mchoro wake ukifika taratibu, na kila kipindi kirekodiwe na kuwekwa katika seva yetu, ili njia ya nje ikikatika vijana waendelee kusoma.

Tano, wachaguliwe vijana sita na mwalimu mmoja wafunzwe kuutunza mtambo. Mimi ninajitolea kuwafundisha, likizo mbili kwa mwaka, kwa kadiri afya itakavyoniruhusu.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu. Itasemwa kwamba wafadhili hupenda kuona kitu, na waya uliofukiwa ardhini hauonekani. Ni kweli, hauonekani. Hata msingi wa bweni la kwanza la shule hii hauonekani, na hakuna aliyewahi kupiga picha akiwa amesimama mbele yake. Bweni lingali limesimama.

Ninyi vijana, neno langu la mwisho ni kwenu. Simu katika nchi hii ilikuwa kazi ya mashirika makubwa, na kijana hakuruhusiwa hata kugusa kituo. Leo kituo kizima ni programu unayoweza kuisoma wewe, kwa hesabu ambazo nimezifanya mbele yenu kwa kuzidisha tu. Msikubali kuwa wateja wa ujuzi ambao mnaweza kuwa mafundi wake.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.